Mshahara wa Siwema Sabini

Jamhuri ya Tuvumiliane ni nchi nzuri, na anayesema vinginevyo bado hajaomba kibali cha kusema. Ina bendera ya rangi tano, ina wizara thelathini na nane, na ina sheria kwa kila jambo ambalo mwananchi anaweza kukosea. Katika mji wake mkuu, nyuma ya soko la vitambaa, kulikuwa na jengo refu la mabati lililotoa mvuke mchana kutwa kama sufuria la maharage. Hapo palikuwa Unyoofu Dobi, mahali ambapo serikali nzima ilifuliwa na kupigwa pasi. Suti za mawaziri, majoho ya mahakimu, sare za majenerali, hata kitambaa cha meza ya Baraza la Mawaziri, vyote vilipita hapo vikiwa na jasho na madoa ya mchuzi, vikatoka vimenyooka.

Miongoni mwa wanawake kumi na wawili waliopiga pasi humo alikuwamo Siwema Mkumbwa, mjane wa miaka arobaini na minne. Alikuwa amesimama mbele ya meza ileile kwa miaka tisa. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimevimba na hakikurudi tena katika hali yake, na daktari wa zahanati alikuwa amemshauri aache kushika pasi, ushauri ambao ulikuwa mzuri na wa bure. Nje ya mji alikuwa na kiwanja, na juu ya kiwanja zilisimama kuta za matofali mabichi ambazo marehemu mumewe aliziinua mpaka usawa wa lenta, juu ya madirisha, kisha akafa. Hazikuwa na paa. Kila masika mvua ilikuja ikala mstari mmoja wa juu, na kila baada ya masika Siwema alikwenda kuzitazama, akarudi kwenye chumba chake cha kupanga.

Siku ya mshahara ilikuwa na utaratibu wake. Mhasibu alifungua daftari kubwa, akaweka rula ndefu ya mbao juu ya safu ya tarakimu, akasema, "Weka sahihi hapa, usisogeze rula." Baadaye ndipo bahasha ilipotolewa. Wanawake wote walisaini. Siwema naye alisaini, lakini marehemu baba yake, aliyekuwa mbeba magunia, alikuwa amemfundisha jambo moja: popote utakapotia sahihi, andika ulichopokea. Kwa hiyo, kila mwezi aliandika "Siwema", na mbele yake akaandika "Sabini", kwa sababu elfu sabini ndizo alizopewa. Mhasibu hakuuliza. Mwajiri, aliyekuwa akilipitia daftari kila Desemba, alidhani hilo ni jina la ukoo, na akawa anamwita Mama Sabini kwa upendo.

Jumatatu moja Siwema alipewa koti la Waziri wa Kazi. Kanuni ya Unyoofu ilisema mifuko ikaguliwe kabla ya kupiga pasi, na katika mfuko wa ndani alikuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa hotuba. "Ndugu wananchi," ilisema, "nasimama hapa kifua mbele. Hakuna mfanyakazi hata mmoja katika nchi hii anayelipwa chini ya shilingi laki moja na ishirini elfu kwa mwezi, kama sheria inavyotaka. Hakuna! Nimemtafuta, sikumwona."

Siwema aliisoma mara mbili. Akaisimamisha pasi, akamgeukia mwenzake wa meza ya jirani.

"Dada Havijawa, hapa tulipo ni nchi gani?"

"Una homa wewe?"

"Nauliza tu. Waziri anasema katika nchi hii hakuna anayelipwa chini ya laki na ishirini."

Havijawa alifuta jasho kwa ncha ya kanga, akafikiri kidogo. "Basi labda humu ndani ni ubalozi," akasema, akaendelea na kola yake.

*

Mwenye Unyoofu Dobi aliitwa Mheshimiwa Daktari wa Heshima Gervas Tindwa. Alikuwa amepata nishani ya Mwajiri Bora mara tatu mfululizo, kutoka kwa kamati ambayo mwenyekiti wake alikuwa yeye mwenyewe, na kila mara alipopewa alijishukuru kwa unyenyekevu. Siwema alimkuta ofisini akichagua fremu ya nishani ya nne.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, Mama Sabini! Karibu, karibu. Hapa ni kwako."

Siwema alieleza alichosoma. Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba kama sheria inataka laki na ishirini, na yeye anapata sabini, basi kuna elfu hamsini kila mwezi ambazo huenda zimesahaulika mahali.

Mheshimiwa Tindwa alivua miwani. Uso wake ulijaa huzuni ya mtu aliyesalitiwa mezani kwake.

"Mama Sabini," akasema, "sisi hapa ni familia. Umewahi kuona wapi mtoto akimdai baba yake kima cha chini? Na hizo hamsini hazijapotea. Zinakuhudumia! Wewe unafikiri mvuke ule ni bure? Kuna mabibi wa mji huu wanalipa fedha nyingi kukaa dakika kumi kwenye chumba cha mvuke ili ngozi zao zilainike. Wewe unakaa saa kumi na moja. Je, nimewahi kukuletea bili? Na joto la wakati wa kipupwe? Na harufu ya sabuni? Na heshima ya kushika suruali ya jenerali kwa mikono yako miwili? Ukipiga hesabu vizuri, Mama, wewe ndiye unayenidai kidogo na mimi ndiye ninayekudai sana. Lakini mimi sikudai. Mimi ni mzazi."

"Nimesikia, Mheshimiwa. Lakini mvuke sili."

Mheshimiwa alivaa miwani tena. Kisha akasema kwa upole mkubwa kwamba anamwona amechoka, na kwa kuwa anawajali watu wake, anampa likizo. Siwema akauliza itaisha lini. Mheshimiwa akajibu kwamba yeye si mtu wa kuwawekea wafanyakazi mipaka.

Hivyo ndivyo Siwema alivyofukuzwa kazi, ingawa neno hilo halikutamkwa na yeyote.

*

Ofisi ya Kazi ya Tuvumiliane ilikuwa na madirisha tisa, na moja lilifunguka. Nyuma ya dirisha hilo alikaa karani mwembamba aliyeitwa Bwana Mtuli, mwenye shati lililofubaa kwenye mabega, na tabia ya kuzungumza akitazama mahali pengine.

"Sheria iko wazi, dada," alisema Bwana Mtuli. "Mwajiri aliyelipa pungufu anarudisha pungufu lote. Na juu yake anaongeza fidia sawa na hilo pungufu. Ukidai milioni, unapata mbili. Ni sheria nzuri sana. Wageni huja kuipiga picha."

Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi Siwema alihisi kitu chepesi kifuani. "Basi nijaze wapi?"

"Ngoja kwanza. Huwezi kudai zaidi ya miaka mitatu. Miezi iliyozidi hapo huhesabiwa kuwa imestaafu. Kwako ni miezi thelathini na sita. Na saa haisimami mpaka dai lipokewe rasmi. Kila mwisho wa mwezi Afisa Ufutaji hupita, akafuta mwezi mmoja wa zamani. Wewe hufanyi kazi tena, kwa hiyo mipya haiongezeki. Inapungua tu."

"Basi lipokee leo, kaka yangu."

"Ningependa. Lete risiti ya mshahara ambao hukulipwa."

Siwema alidhani hakusikia vizuri. "Nitapataje risiti ya hela ambayo sijapewa?"

"Hiyo ni changamoto tunayoifanyia kazi," alisema Bwana Mtuli, akashusha pazia la dirisha kwa sababu saa ya chai ilikuwa imefika.

Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, na wiki iliyofuata. Alishauriwa aandike kwa mkono wake kwamba hana risiti, kisha athibitishiwe na mwenyekiti wa mtaa kwamba kweli hana. Mwenyekiti alitaka kumwona mtu aliyeshuhudia risiti ikikosekana. Mwezi ukaisha. Afisa Ufutaji, mzee mnene mwenye kifutio cha bluu, alipita akafuta, akapuliza vumbi la kifutio kwa uangalifu ili lisimwingie Siwema machoni. Mwezi wa pili ukaisha. Mwezi wa tatu barua ya mwenyekiti ilipatikana, lakini muhuri wa kupokea madai ulikuwa hauna wino. Wino, alielezwa, umeagizwa. Siwema alikaa kwenye benchi. Alijua sasa kila ufa wa ukuta ule. Alikuwa akifua nguo za majirani asubuhi kwa mkono wa kushoto, kisha anakwenda kukaa. Mwezi wa nne. Wa tano. Wa sita. Hakukasirika tena; hasira inahitaji chakula.

"Wino wa muhuri unauzwa shilingi ngapi?" aliuliza siku moja, mwanzoni mwa mwezi wa saba.

"Sisi hatuwezi kununua nje ya utaratibu," alisema Bwana Mtuli.

"Sikukuuliza wewe ununue."

Alikwenda duka la vifaa vya ofisi, akanunua kichupa kimoja kwa fedha ya unga, akarudi akakiweka dirishani. Bwana Mtuli alikitazama kile kichupa kwa muda mrefu. Kikahitaji kusajiliwa kwanza kama msaada wa wahisani, na usajili ule ulimaliza mwezi. Ndipo muhuri ulipoanguka juu ya dai la Siwema, kwa sauti iliyowashtua watu wote kwenye benchi, maana wengine hawakuwahi kuisikia. Miezi saba ilikuwa imefutwa. Ilibaki ishirini na tisa.

*

Mkaguzi wa kazi alitumwa Unyoofu Dobi kuchunguza, na kwa kuwa si ustaarabu kumvamia mtu, alimwandikia Mheshimiwa Tindwa wiki tatu kabla. Havijawa ndiye aliyekuja kumsimulia Siwema. Alifika Jumapili mchana na pakiti ya sukari, akakaa ukingoni mwa kitanda kwa sababu chumba hakikuwa na kiti.

"Tulipewa laki na ishirini kila mmoja, mdogo wangu, mbele ya mkaguzi. Tukapigwa picha tukizishika hivi, kama feni. Mkaguzi akala pilau, akaondoka. Tulipofika mlangoni tukakuta kapu, na mhasibu amesimama na orodha. Kila mtu akatumbukiza."

"Utakuja kusema hayo mbele ya Baraza la Kazi?"

Havijawa alikunja ncha ya kanga, akaikunjua. "Nina mama yangu ndani, hainuki. Nikikosa hata hiyo sabini..." Akaisogeza ile pakiti. "Ndiyo maana nimeleta sukari."

Siwema aliichukua ile sukari. Alitaka kuumia moyoni, lakini akaona hata kwa hilo hana nguvu. "Nitakuwekea chai," akasema. "Kaa vizuri, hicho kitanda kina upande mbovu."

*

Shauri lilisikilizwa na Hakimu Eularia Shekimweri, mwanamke mzito wa mwili, mwenye macho ya mtu aliyesikiliza uongo mwingi bila kulipwa posho ya kusikiliza. Mheshimiwa Tindwa alikuja na mawakili watatu: mmoja wa kusema, mmoja wa kutikisa kichwa, na mmoja wa kubeba mkoba. Siwema alikuja na mkono wake uliofungwa kitambaa.

"Mheshimiwa Hakimu," alianza wakili wa kusema, "mteja wangu ni mhimili wa usafi wa taifa. Kama asingekuwepo yeye, taifa lingekuwa limekunjamana! Tunaleta ushahidi usiopingika: daftari la mishahara. Kila mwezi, laki moja na ishirini elfu, na mbele yake sahihi ya mlalamikaji mwenyewe. Alipokea, akasaini, akafurahi."

Daftari liliwekwa mezani. Safari hii hapakuwa na rula. Hakimu alifungua ukurasa, akavaa miwani, akafungua mwingine, na mwingine.

"Mlalamikaji anaitwa nani?"

"Siwema Sabini," alisema Mheshimiwa Tindwa kwa haraka, akitabasamu kwa upendo wa kifamilia. "Mama Sabini wetu."

"Wewe mama, hilo ni jina lako?"

Siwema alisimama. Sauti yake ilitoka kavu, bila mapambo. "Hapana, Mheshimiwa. Mimi ni Siwema Mkumbwa. Tarakimu sikuziona, zilifunikwa na rula. Nilikuwa naandika nilichopewa mkononi. Ni elfu sabini."

Hakimu alirudi kwenye daftari. Akasoma kwa sauti, kidole kikishuka: "Sabini. Sabini. Sabini." Alisoma miezi yote ishirini na tisa, hakuruka hata mmoja, na baraza zima lilimsikiliza kama watu wanaosikiliza orodha ya marehemu. Wakili wa kutikisa kichwa alisahau kutikisa.

Lakini wakili wa kusema hakuwa mtu wa kushindwa mapema. Alikiri kwamba huenda pungufu lipo. Ila fidia ya nyongeza, alisema, sheria inamsamehe mwajiri aliyekosea kwa nia njema, na mteja wake ana nia njema iliyoandikwa. Akatoa kwenye mkoba Cheti cha Nia Njema, kilichotolewa na Wizara, chenye lakiri ya dhahabu na picha ya Mheshimiwa Tindwa akiwa ameweka mkono kifuani.

Hakimu alikigeuza. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo.

"Cheti hiki ni cha mwaka mmoja," alisema. "Kiliisha miaka minne iliyopita. Hukukilipia upya?"

Mheshimiwa Tindwa alijikuna shingo. "Ada ilipanda, Mheshimiwa."

"Ilipanda kiasi gani?"

"Shilingi elfu tatu."

Hakimu Shekimweri akaandika hukumu. Pungufu la miezi ishirini na tisa, milioni moja laki nne na hamsini elfu. Fidia ya nyongeza, kiasi hichohicho. Jumla milioni mbili na laki tisa. "Baraza limeona," aliandika, "kwamba nia njema ya mlalamikiwa ilikwisha muda wake na hakuna ushahidi kwamba aliihitaji."

*

Kushinda Tuvumiliane ni kitu kimoja, na kulipwa ni kitu kingine, tena kipo ofisi nyingine. Wiki mbili zilipita, kisha mwezi. Siwema alitumwa kwa dalali wa baraza, mkamata mali za wadaiwa, Bwana Chambi Makorongo, mtu mwenye lori moja na dhamiri ya kazi kupita kiasi, ambayo ilimfanya asipandishwe cheo kwa miaka kumi na minane. Siku moja, kulipokwisha kupambazuka, waliongozana hadi Unyoofu Dobi. Siku hiyo ilikuwa Sikukuu ya Uvumilivu wa Taifa, lakini hati ya Bwana Makorongo ilikuwa na tarehe hiyo, na yeye alikuwa anafuata hati.

Mheshimiwa Tindwa aliwapokea kwa kicheko. "Chukueni! Chukueni mnachokiona! Jengo ni la mke wangu tangu juzi. Mashine ni za shemeji. Pasi ni za mtoto wangu wa mwisho, ana miaka miwili. Mimi sina kitu. Mimi ni fukara."

Bwana Makorongo alisoma hati yake polepole, akifuata mistari kwa kalamu. "Hapa pameandikwa, mali yoyote inayohamishika itakayokutwa mikononi mwa mdaiwa." Akainua macho. Kwenye vyuma virefu, kuanzia mlangoni hadi mwisho wa jengo, zilining'inia suti za mawaziri thelathini na wanane, tayari kwa gwaride la saa nne. "Hizi ni za nani?"

"Za serikali!"

"Ziko mikononi mwa nani?"

Mheshimiwa Tindwa alitazama mikono yake. Bwana Makorongo akaanza kupakia.

Alipakia makoti, akapakia suruali, akapakia sare za majenerali pamoja na nishani zao. Havijawa na wenzake walisimama mezani na pasi zikiwa moto, hawasaidii wala hawazuii. Ilipofika saa mbili lori lilikuwa nusu. Saa mbili na nusu simu ya ofisini ilianza kulia na haikunyamaza. Saa tatu kasoro gari refu jeusi lilisimama mlangoni, akashuka Waziri wa Kazi mwenyewe, amevaa msuli na singlendi, na viatu vya gwaride vinavyong'aa.

"Ni nani mwanamke huyo?" alinguruma. "Mama! Taifa zima liko uwanjani! Uzalendo wako uko wapi?"

Siwema alikuwa amekaa kwenye bampa la lori, kwa sababu miguu ilikuwa inamuuma. Hakuwahi kumwona Waziri bila koti. Aliona ni mtu mfupi, na ana kovu la upele begani.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema. "Mimi ni yule mfanyakazi uliyemtafuta ukamkosa."

Waziri hakuelewa, wala Siwema hakuwa na nguvu za kumweleza. Bwana Makorongo ndiye aliyeeleza, kwa kuisoma hati yote tangu juu, pamoja na namba za vifungu, akirudia mahali alipodhani hapakusikika. Ilipofika saa tatu na robo, Waziri alimgeukia Mheshimiwa Tindwa kwa macho ambayo hayakuwa ya kamati ya nishani.

"Mlipe."

"Mheshimiwa, mimi fukara, nilikuwa naomba awamu. Nianze na elfu sabini..."

"MLIPE!"

Kumbe yule fukara alikuwa na sanduku la chuma chini ya kiti chake. Fedha zilihesabiwa juu ya meza ya pasi, noti kwa noti, milioni mbili na laki tisa, na ada ya dalali juu yake. Wanawake kumi na mmoja walitazama bila kupepesa. Gwaride lilianza kwa kuchelewa kidogo, na wananchi waliambiwa sababu ni hali ya hewa. Wiki iliyofuata Bunge lilipitisha kwa kauli moja sheria kwamba vazi la kiongozi ni sehemu ya mwili wake na haliwezi kukamatwa.

Siwema hakuisikia habari hiyo. Alikuwa kiwanjani akiwaonyesha mafundi mahali pa kupigilia mabati.

*

Ilibaki kufunga jalada. Aliitwa Ofisi ya Kazi, na Bwana Mtuli akamsukumia fomu ya mwisho dirishani.

"Hapa jina. Hapa kiasi ulichopokea. Hapa unatia alama kwamba umepokea kwa furaha."

Siwema aliandika jina, akaandika kiasi. Kalamu ikasimama.

"Sina furaha, kaka. Nimechoka."

"Hakuna kisanduku cha kuchoka, dada. Ni furaha, au furaha kubwa."

Aliwaza kidogo juu ya miezi saba iliyofutwa, na ile miaka sita ya mwanzo iliyostaafu bila kiinua mgongo. Akatia alama kwenye furaha, ile ndogo. Akafunga kitambaa vizuri mkononi, akageuka kwenda zake. Alichokitaka duniani kwa wakati ule ni kulala, mchana kweupe, bila kuamshwa na mtu.

"Dada," aliita Bwana Mtuli.

Aligeuka. Karani alikuwa ametoa kichwa dirishani, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Alitazama kushoto, akatazama kulia, na kwa mara ya kwanza akamtazama yeye usoni.

"Samahani. Hivi..." Sauti yake ilishuka mpaka ikawa pumzi. "Mtu anayelipwa arobaini na tano, lakini anasaini laki na ishirini... naye akianza, anaanzia wapi?"

Siwema alisimama pale akiwa na usingizi mzito machoni. Nje kulikuwa na jua, na nyumbani kulikuwa na kitanda. Akashusha pumzi, akarudi, akavuta benchi la wateja mpaka karibu kabisa na dirisha, akakaa.

"Shusha pazia kwanza," akamwambia. "Halafu unionyeshe sahihi yako."